Daftari Lililosombwa na Maji Kibuye

Jumapili ile ya Novemba 1997 mvua ilitokea upande wa ziwa bila kupiga hodi. Ulikuwa mwaka wa El Niño na Kisumu nzima ilikuwa imelowa wiki nyingi, lakini siku hiyo jua liliwaka tangu asubuhi na soko la Kibuye likafurika kama linavyofurika kila Jumapili. Nilikuwa darasa la saba. Mama aliuza omena, wale dagaa wadogo wa ziwani, nami kazi yangu ilikuwa daftari.

Gunia lilikuwa la watu wawili: Mama na rafiki yake wa Manyatta, ambaye mimi nilimwita Mama Mdogo. Walilinunua kwa shilingi 1,440 na kulipima upya alfajiri kabla ya kuuza, kwa sababu magunia yaliyotoka ufuoni hayakuwa sawa. Zilitoka gorogoro 48, ile mikebe ya kupimia sokoni, yaani kila moja imewagharimu shilingi 30. Mama alikaa sokoni na kuuza kwa 40. Mama Mdogo hakukaa. Yeye alikuwa na wanawake wake wa Kondele na Nyalenda, wenye vibanda, waliokuja na ndoo zao na kuchukua kwa 35. Faida ya gorogoro zilizochukuliwa na wateja wake ilikuwa yake, na ya zilizobaki ilikuwa ya Mama. Fedha zote ziliingia kwenye pindo moja la leso ya Mama. Daftari langu ndilo lililotenganisha: kila gorogoro ikitoka napiga mstari, ukurasa wa kushoto wa Mama, wa kulia wa Mama Mdogo.

Mama hakuwa mtu wa kupunguza bei. Mteja akisema, "Tuseme thelathini na saba, mama," yeye hutia mkono kwenye bakuli la pembeni na kuongeza konzi moja juu. Bakuli hilo la nyongeza lilipimwa mbali na zile 48. Nalitaja kwa sababu bila utaratibu huo, yaliyotokea usiku ule yasingewezekana.

Saa kumi hivi gorogoro ya mwisho ilitoka. Nikaliweka daftari juu ya benchi nikaenda kumsaidia Mama kukunja gunia. Mvua ikashuka. Watu wote wa Kibuye walikimbilia mabati kwa pamoja, na tulipotazama nyuma benchi lilikuwa limepinduka, na mtaro ulikuwa unakwenda na kila kitu, maganda ya ndizi, makaratasi, viatu vya mtoto. Daftari sikuliona tena.

Usiku, nyumbani kwetu Kaloleni, fedha zilianikwa juu ya mkeka kando ya taa ya mafuta. Zilikuwa shilingi 1,810. Mama Mdogo alikuwa amekuja kuchukua chake.

"Dada, wangu walichukua ishirini na nne," akasema.

"Kumi na nane," Mama akasema. "Nilikuwa pale."

Hawakupaza sauti. Ningependa wangepaza. Watu waliofanya biashara pamoja miaka mitano wakianza kusema polepole, kila mmoja akiangalia fedha wala si uso wa mwenzake, mtoto aliyepoteza daftari hutamani ardhi imfiche. Kati ya 18 na 24 ni gorogoro sita, faida ya shilingi 30 kwa mkono wa Mama Mdogo. Kwa bei yao wenyewe, hiyo ni gorogoro moja ya omena. Urafiki wao ulikuwa umefika kwenye mizani ya gorogoro moja.

Wiki hiyo shuleni tulikuwa tumefundishwa hesabu za maneno, zile za mtu aliyenunua kalamu kadhaa na vitabu kadhaa. Nilikuwa nimepata tatu kwa kumi. Hesabu tulifundishwa kwa Kiingereza, na kila jibu lilianza kwa neno "let", ambalo mimi nililijua kwa maana ya kuruhusu, kama kwamba x imeombewa ruhusa ya kuwa kitu fulani. Sikuelewa ruhusa hiyo. Nilichofanya ni kuzikamata namba zote zilizotajwa kwenye swali na kuzizidisha au kuzigawanya mpaka kitu kinachofanana na jibu kitokee. Mwalimu alipoona, alisimama kando ya dawati langu akaniambia kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini: "Usiguse namba bado. Sema kwanza unachotafuta ni nini. Sema: tuseme."

Tuseme! Neno nililolisikia Kibuye mara mia kwa siku, na darasani sikulitambua.

Basi nikachukua kipande cha karatasi ya kufungia sukari nikaandika: tuseme gorogoro za Mama Mdogo ni x. Za Mama ni zilizobaki katika 48, yaani 48 − x. Fedha za wateja wa Mama Mdogo ni 35 mara x. Fedha za Mama ni 40 mara zile zake. Jumla ni 1,810. Nikaandika:

35x + 40 × 48 − x = 1,810

Nikatatua. Nikapata kwamba 34x ni hasi 110. Maana yake Mama Mdogo ameuza gorogoro pungufu ya sifuri, kama vile wateja wake waliileta omena badala ya kuichukua. Moyo ulinidunda. Wale wawili walikuwa wameshaanza kunitazama, na mimi nilikuwa na jibu lisilowezekana.

Kosa lile naliona mpaka leo katika madaftari ya wanafunzi wangu, maana nilikuja kuwa mwalimu wa hesabu, na kila ninapoliona nakumbuka harufu ya noti mbichi. Nilikuwa nimezidisha 48 kwa 40 kisha nikatoa x tupu. Nimeziuza gorogoro zote 48 kwa bei ya Mama, halafu kutoka kwenye shilingi nikapunguza gorogoro. Shilingi na gorogoro hazitoani. Ilipaswa kwanza nizitoe gorogoro za Mama Mdogo ndani ya gunia, nifunge mdomo wa gunia, ndipo niuze kilichobaki kwa 40. Mabano ndiyo huo mdomo wa gunia uliofungwa. Hakuna kitu kuhusu mabano nilichofundishwa baadaye kilichozidi hicho.

35x + 40(48 − x) = 1,810
35x + 1,920 − 40x = 1,810
1,920 − 5x = 1,810
5x = 110
x = 22

"Ni ishirini na mbili," nikasema. "Za Mama ishirini na sita."

Mama Mdogo akaichukua karatasi, akaigeuza upande wa pili, akanirudishia. "Na huyu x ni nani?"

Nikajaribu kueleza. Nilieleza vibaya, nikirudia maneno ya mwalimu, na Mama naye uso ulikuwa unasema hajashawishika. Hapo ndipo Nyanya, aliyekuwa amelala kitandani akitusikiliza, aliuliza bila kuinuka:

"Zote zingeuzwa arobaini, ingekuwa ngapi?"

"Elfu moja mia tisa na ishirini," Mama akasema.

"Na mnayo?"

"Elfu moja mia nane na kumi."

"Imepotea mia moja na kumi. Kila mteja wake anapochukua gorogoro, shilingi tano zinapotea. Hizo tano tano ni ngapi ndani ya mia na kumi?"

Kimya. Mama Mdogo alikuwa anahesabu kwa vidole chini ya leso.

"Ishirini na mbili," akasema mwenyewe.

Nyanya hakukanyaga darasa hata siku moja. Niliitazama karatasi yangu, mstari wa tatu, 1,920 − 5x = 1,810, na ulikuwa ni maneno yake neno kwa neno: zote zingeuzwa arobaini, toa tano kwa kila moja ya zile, ubaki na mlichonacho. Mpaka saa ile nilikuwa nikiiona mistari ya katikati kama njia tu ya kufikia jibu. Kumbe kila mstari unasema jambo kuhusu soko, na unaweza kusimama pale ukauuliza unasema nini.

Nilipokuwa chuoni nilikutana na mafunjo ya Wamisri wa kale yaliyonakiliwa na mwandishi aitwaye Ahmes miaka zaidi ya 3,500 iliyopita, ambayo sasa yako London. Kisichojulikana wao walikiita kwa neno ambalo baadhi ya wataalamu hulitafsiri kama rundo. Rundo na sehemu yake ya saba, jumla 19. Rundo ni ngapi? Ahmes alikisia 7, akapata 8, kisha akaikuza mpaka ikafika 19. Rundo lilikuwa 16 na sehemu tano za nane. Nilisoma hayo nikaiona omena ya Mama imewekwa mafungu juu ya gunia. Hata usiku ule tulijaribu makisio yao wawili: 24 ilileta shilingi 1,800, pungufu kwa kumi, 18 ilileta 1,830, zaidi kwa ishirini. Fedha zilizokuwa mkekani zilimkataa kila mmoja wao kwa kipimo chake.

Nne zilizopungua katika hesabu ya Mama zilijulikana zilikopotea. Alipokwenda kuswali adhuhuri mimi ndiye niliyempimia mwanamke wa Nyalenda gorogoro nne, nikapiga mistari, sikumwambia, nikijua daftari litasema. Mbili zilizozidi katika hesabu ya Mama Mdogo hatukujua kamwe zilikotoka. Alihesabiwa shilingi 770, akarudisha 660 za mtaji, akafunga 110 kwenye pindo lake. Mama akamwambia mvua imekatika lakini njia ina matope, alale. Akalala.

Taa ilikuwa bado haijazimwa Nyanya aliponiita. "Na kama wengine wangeuziwa thelathini na nane?"

Nikakaa na swali hilo. Nikaweka herufi tatu. Nikapata 20 za Mama Mdogo na tano za bei ya 38, ikakubali. Nikajaribu 18 na kumi, nayo ikakubali. Kila nilipopata jibu lilikuwa na ndugu zake. Jumatatu nilimpelekea mwalimu, akasoma karatasi yote pande mbili kabla ya kusema. "Unatafuta vitu vitatu," akasema, "na una habari mbili tu, idadi na fedha. Hapo hesabu haiwezi kukuchagulia. Tafuta habari ya tatu."

Nikampelekea Nyanya jibu hilo jioni, neno kwa neno. Akatafakari kidogo, akavuta shuka.

"Basi Jumapili," akasema, "daftari likae kwapani mwako."