Mia Tano, Mama na Nairobi

Mama alikuwa amekaa kwangu Kaloleni, Nairobi, wiki nzima bila kuuona mji. Mshahara ulikuwa umechelewa, na Jumamosi ile pesa nilizoweza kutenga zilikuwa shilingi 500. Usiku nililala vibaya nikiwaza nitampeleka wapi. Asubuhi nikamkuta ameshavaa raba, leso kiunoni.

"Mwanangu, sikutoka Voi kuja kula hotelini. Nitembeze."

Tukashika Barabara ya Landhies kwa miguu. Muthurwa tulikaa kwenye kibanda cha chai. Mwenyewe akapangusa benchi, akasema, "Shosho, kaa upande huu, hakuna upepo." Mama alilipenda jina hilo la kumwita bibi, akalirudia njiani kutwa nzima. Chai ilikuwa imechemshwa na maziwa hadi ikashika rangi ya udongo wa kwetu Voi, na mandazi yalitoka kwenye karai yakiwa bado yanachirizika mafuta. Vikombe viwili na mandazi manne, shilingi 80. Mama alikunywa polepole, kikombe amekishika kwa viganja vyote viwili, akitazama mikokoteni ya vitunguu ikipishana. Sikumharakisha.

Kutoka hapo tulikwenda Kenya National Archives, jumba la nyaraka za taifa, ambako kila mtu Nairobi hupangia miadi ila wachache sana huingia ndani. Mimi mwenyewe nilikuwa nimepita mlangoni pale miaka mingi. Kiingilio kilikula sehemu ya pesa zetu, na sikuona uchungu. Ukumbi wa chini una vitu alivyovikusanya Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya: vinyago, vito, nguo. Mama alisimama mbele ya kitambaa kilichofumwa kwa mkono akakaa hapo muda mrefu. Yeye amesuka vikapu vya mkonge maisha yake yote. Nilimwona amefunga mikono mgongoni, vidole vikichezacheza, kumbe anahesabu nyuzi. "Huyu hakukosea hata mstari mmoja," akaniambia kwa sauti ya chini, kama tuko kanisani.

Nje ipo sanamu ya Tom Mboya, aliyekuwa waziri. Nilimwonyesha ile barabara, leo Moi Avenue, alikopigwa risasi tarehe 5 Julai 1969. Mama alikuwa darasa la nne. Anakumbuka jirani mwenye redio akitoka nje bila kuongea, na watu wazima wakikaa chini mmoja mmoja. Hajawahi kunisimulia hilo nyumbani. Ilibidi tusimame pale ndipo alitoe.

Bustani ya Jeevanjee tulipumzika kidogo tu, kwani mhubiri alikuwa na kipaza sauti kikali. Lakini nilimweleza Mama kwamba mwaka wa 1991 palitaka kujengwa, na Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee aliyeitoa bustani hiyo, akawa mstari wa mbele kupinga. Ndiyo maana mtu asiye na kitu bado ana pa kukaa katikati ya mji.

Hadi City Park tulipanda matatu, 50 kila mmoja, kwani magoti ya Mama yalikuwa yameanza kulalamika. Langoni nilinunua njugu na ndizi. Kima walishuka matawini kabla hata hatujaketi. Mama akazificha njugu kifuani. "Hawa nawajua! Ndugu zao ndio walionimalizia mahindi." Akawakazia macho, nao wakamkazia, na mwishowe akamtupia mdogo wao ganda la ndizi akicheka hadi machozi.

Murumbi amezikwa humo humo, pamoja na mkewe Sheila. Alitaka kulala karibu na rafiki yake Pio Gama Pinto, mpigania uhuru aliyeuawa Februari 1965.

"Kumbe ndiye yule mwenye kitambaa?" Mama akauliza.

"Ndiye."

Akatandika leso kwenye nyasi, si mbali na hapo, akalala karibu saa nzima. Nilimlinda nikibandua njugu. Sina kumbukumbu ya kumwona Mama akilala mchana. Nyumbani daima kuna kuni, kuna mbuzi, kuna mgeni. Uso wake ulilegea, kivuli cha majani kikitembea juu yake.

Giza lilipoanza kuingia tulikuwa tumerudi mtaani, kwenye jiko la mutura, utumbo uliojazwa nyama. Mama hakuwahi kuula. Kijana akaukata juu ya ubao vipande vyembamba, mafuta yakidondokea makaa na moshi kutufunika, akaweka chumvi na kachumbari pembeni. Mama akala kimoja kwa tahadhari, kisha vingine bila tahadhari yoyote, akimhoji kijana: utumbo unaoshwa mara ngapi, dania inatiwa lini, unachemshwa kwanza au unachomwa tu? Kijana akaweka kisu chini amjibu vizuri.

"Shosho, nikuongeze?"

Mama akanitazama. Nikapapasa mfuko, nikakuta 20.

"Mkatie," nikamwambia. "Na kiwe kinene."