Mtawa kwa Wamongolia: kumbukumbu ya tafsiri yangu, wiki ya 9 hadi ya 12

Wiki ya 9. Natafsiri kwa Kiswahili simulizi ya Kilatini ya William wa Rubruck, na sehemu ya safari yenyewe nimeimaliza. William wa Rubruck, mtawa Mfransisko kutoka Flanders, alishuka Soldaia, Krimea, Mei 1253, akiwa na barua ya Mfalme Louis IX wa Ufaransa kwa Sartaq, mkuu mmoja wa Wamongolia. Sartaq akamsukumia kwa baba yake, Batu, kule mto Volga. Batu naye akamsukumia kwa Möngke Khan, mtawala mkuu wa Wamongolia wote. Aliyewahi kuzungushwa maofisini na faili kwapani atamwelewa. Akafika kambini kwa Möngke tarehe 27 Desemba, na kesho yake akaenda barazani pekupeku katikati ya baridi ile. Haikupita muda ncha za vidole vya miguu zikaganda, akasalimu amri, akaacha kwenda pekupeku.

Wiki ya 10. Nimekwama kwa mkalimani. Jina lake kwa Kilatini ni Homo Dei, yaani Mtu wa Mungu, na cheo chake ni turgemannus, neno lililotoka kwenye mzizi ule ule wa Kiarabu uliotupa sisi “tarjuma”. Nilifurahi kama niliyeokota hela njiani. Lakini huyu bwana hakuwa na tarjuma yoyote. Akiambiwa atafsiri mahubiri, anakataa: maneno hayo hayawezi. Mtawa alipoanza kuiokota lugha mwenyewe, akagundua kwamba yeye anasema hili, mkalimani anasema lile. Mbele ya Möngke, Januari 1254, wageni walikaribishwa kinywaji, na mkalimani akalewa. Hapo nimeandika “kalewa chakari” kisha nikafuta “chakari”. Mtawa hakusema kiasi.

Wiki ya 11. Karakorum, mji mkuu wa Wamongolia. Misikiti miwili, mahekalu ya sanamu kumi na mawili, kanisa moja mwishoni mwa mji. Mti wa fedha wa sonara Guillaume Boucher wa Paris, unaomwaga vinywaji vya aina nne, nimeupa kurasa nyingi kuliko unavyostahili.

Kazi nzito ni tarehe 30 Mei 1254, Möngke alipotaka Wakristo, Waislamu na Wabudha wajieleze mbele ya waamuzi watatu, mmoja wa kila upande. Je, niite mdahalo au mhadhara? Mhadhara ungemfikisha msomaji moja kwa moja uwanjani, kwenye vipaza sauti na vitabu vya dini vilivyofunguliwa. Ila Möngke alikataza maneno ya ugomvi, adhabu ikiwa kifo, na hilo mihadhara ninayoikumbuka mimi haikuwa nalo. Nimeandika mdahalo.

Nilichokipenda ni maandalizi. Wakristo wa Kinestoria, yaani wa Kanisa la Mashariki, walitaka kuanza na Waislamu. Mtawa akawazuia: hawa tunakubaliana nao kwamba Mungu ni mmoja, kwa hiyo watatusaidia dhidi ya wale wengine. Wakafanya na mazoezi, yeye akijifanya mpinzani! Siku yenyewe mkalimani alikuwa mtoto wa Boucher, na hapo maelezo yananyooka ghafla. Zamu ya Waislamu ilipofika, wakasema hawana la kubishana, yaliyomo katika Injili ni kweli. Hakuna aliyebadili dini. Wanestoria na Waislamu wakaimba kwa sauti kubwa, Wabudha kimya, kisha wote wakanywa sana.

Wiki ya 12. Kesho yake Möngke alimwita mtawa, akamwambia kwamba Mungu ameupa mkono vidole mbalimbali, na vivyo hivyo amewapa watu njia mbalimbali. Akaongeza: ninyi mmepewa maandiko wala hamyashiki, sisi tumepewa waaguzi, tunafanya wanavyosema na tunaishi kwa amani. Wengi hunukuu vidole na kuacha huo mkia wenye mwiba. Rasimu ya kwanza niliandika “dini mbalimbali”, inasomeka vizuri, lakini yeye alisema njia. Nimerudisha njia. “Waaguzi” bado nimeipigia mstari kwa penseli. “Waganga” inanivuta, ila hawa walitazama mifupa ya mabega ya kondoo iliyochomwa motoni, na kazi yao hasa ilikuwa kubashiri.

Zimebaki kurasa za kurudi, hadi Tripoli (ile ya Lebanoni, si ya Libya), Agosti 1255.