Jinsi Nilivyowaondoa Vidukari Kwenye Mimea Yangu ya Majani Manene

Vumbi jeupe lililotanda kwenye majani ya chini ya echeveria yangu nililipangusa kwa kidole, nikidhani ni ule unga wa nta unaoufunika mmea huo kwa kawaida. Kesho yake lilikuwa limerudi, na mara hii kidole kilinata. Nilichukua kioo cha kukuzia nikagundua kwamba nililoliita vumbi lilikuwa ngozi tupu za wadudu, nyembamba mno, nyingine zikiwa bado na umbo la miguu, zimenaswa kwenye majimaji matamu yaliyodondoka kutoka juu. Nikalifuata bua la maua kwa macho hadi kileleni, na huko, katikati ya vitumba ambavyo vilikuwa havijachanua, vidukari walikuwa wamesongamana hata rangi ya vikonyo haikuonekana.

Nilijihakikishia kwanza kwamba ni vidukari kweli na si vidung'ata, kwa sababu wote wawili hufyonza utomvu na kuacha majani yakinata. Kidung'ata amejifunika nyuzi nyeupe mithili ya pamba na hujificha kwenye maungio ya majani, ilhali kidukari ana umbo la pea, urefu wake hauzidi milimita tatu hivi, na ukimtazama kwa kioo utaona vimrija viwili vimechomoza nyuma ya mgongo wake. Nikiwa bado nawatazama, jike mmoja alikuwa anazaa. Mtoto alitoka akitanguliza nyuma, akaning'inia kwa muda akichezesha miguu, kisha akashika kikonyo na kuanza kutembea. Hapakuwa na yai wala dume. Majike hawa huzaa watoto walio hai bila kupandwa, na mtoto huzaliwa tayari mimba imeanza kukua ndani yake, hivyo kwenye joto la kawaida la nyumbani huanza kuzaa baada ya wiki moja au siku kumi tu. Laiti ningelitafakari jambo hilo siku ile ile, ningejiepusha na hasara iliyofuata.

Nilifanya haraka. Nilichanganya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na maji bila kupima, nikaipulizia mimea yote iliyokuwa dirishani, adhuhuri, jua likiwa linaingia. Vidukari wengi walikufa, lakini echeveria ilipoteza unga wake wa nta kila mahali matone yalipotiririka, na unga huo kwenye jani lililokwisha kukomaa haurudi kama ulivyokuwa. Si pambo tu, kwani huukinga mmea dhidi ya jua kali na kupotea kwa maji. Krasula, ambayo ni miongoni mwa mimea inayodhuriwa na sabuni kwa urahisi, ilitoa mabaka ya kahawia na kupukutisha majani kadhaa. Baya zaidi ni kwamba baada ya siku tano vidukari walikuwa wamerudi. Sabuni humuua mdudu iliyemlowesha tu, na ikishakauka haina nguvu tena, kwa hiyo wachache waliojificha ndani ya vitumba walinusurika na kuendelea kuzaa.

Hapo nilibadili njia kabisa. Uamuzi wa kwanza ndio ulioniuma kuliko yote, nao ulikuwa kulikata bua la maua. Nilikuwa nimelisubiri kwa miezi mingi, lakini sehemu kubwa ya kundi ilikuwa juu yake, kwa kuwa utomvu wa bua changa ni laini na rahisi kufyonzwa. Sikulikata hivi hivi. Vidukari wakisumbuliwa hujiangusha, na wakiangukia katikati ya mmea kuwatoa ni kazi ngumu. Nililivika bua mfuko wa plastiki kwa utaratibu, nikaufunga chini, ndipo nikapitisha kisu kilichosafishwa, nikautoa mfuko nje ya nyumba ukiwa umefungwa.

Waliobaki kwenye moyo wa mmea niliwashughulikia mmoja mmoja kwa kijiti cha pamba kilichochovywa kwenye spiriti ya asilimia 70. Siri ni kumgusa mdudu bila kulisugua jani, na kwenye kona ambazo kijiti hakikufika nilitumia brashi nyembamba ya kuchorea. Kabla ya hapo nilijaribu spiriti kwenye jani moja la chini na kusubiri siku mbili nione kama lingeungua. Kwa krasula na haworthia maji peke yake yalitosha: nililifunika udongo kwa plastiki, nikakiinamisha chungu, nikaacha maji ya bomba yapige upande wa chini wa majani kwa nguvu ya wastani. Baadaye nilipuliza maji yaliyotuama katikati ya majani na kuiweka mimea kivulini penye hewa, maana maji yakikaa hapo huozesha.

Kilichonipa ushindi hasa ni kalenda. Nilirudia ukaguzi na usafishaji kila baada ya siku nne, hata siku ambazo sikuona mdudu yeyote, ili kila mtoto aliyenikwepa apatikane kabla hajafikia umri wa kuzaa. Mara ya pili nilipata kumi na wawili, mara ya tatu watatu, na mara ya nne ngozi tupu tu. Niliendelea hadi mwezi mzima ulipotimia.

Wakati huohuo nilitengeneza mambo mawili yaliyowakaribisha. Sisimizi walikuwa wakipanda hadi kwenye vyungu kufuata yale majimaji matamu, nao huwalinda vidukari dhidi ya wadudu wanaowala, kwa hiyo nilifuta njia yao kwa maji ya sabuni na kuisimamisha miguu ya kimeza cha mimea ndani ya visahani vya maji. La pili lilikuwa mbolea. Nilikuwa nikiweka mbolea yenye naitrojeni nyingi kila wiki mbili, jambo ambalo mimea hii haihitaji kabisa, na chipukizi zilizotoka zilikuwa laini na zenye utomvu unaowafaa vidukari mno. Nimeiacha. Mmea mpya nao sasa hukaa peke yake kwa wiki tatu kabla ya kuungana na mingine, kwa sababu kundi likisongamana huzaa vidukari wenye mabawa, na nilikuwa nimeshawaona wawili wakitambaa kwenye kioo cha dirisha.

Krasula bado ina mabaka yake, na majani ya zamani ya echeveria hayajapata tena rangi yake ya samawati, ingawa mapya yaliyotoka katikati yana unga kamili. Bua jingine la maua limeanza kuchomoza kati ya majani mawili, urefu wa kucha. Nalikagua kila jioni kwa kioo, hasa upande wa chini wa ncha iliyojikunja, na hadi jana halikuwa na kitu.