Baldur's Gate na Mwendelezo Wake: Kutoka Pointi 4 za Uhai hadi Mji wa Athkatla

Mwezi uliopita nilicheza tena, mmoja baada ya mwingine na kwa mhusika yule yule, mchezo wa kompyuta Baldur's Gate wa mwaka 1998 na mwendelezo wake, Baldur's Gate II: Shadows of Amn, uliotoka mwaka 2000. Michezo yote miwili ilitengenezwa na BioWare, inafuata kanuni za toleo la pili la mchezo wa mezani uitwao Advanced Dungeons & Dragons, na inasimulia maisha ya yatima aliyelelewa katika ngome ya vitabu ya Candlekeep bila kujua yeye ni damu ya nani. Wapenzi wengi wa michezo ya kuvaa uhusika husema kwamba wa pili ndio bora, na kwa upande wa ufundi sina cha kubisha. Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo mchezo wa kwanza unalijua kwa undani na ambalo wa pili ulilazimika kuliacha nyuma, nalo ni unyonge.

Usiku wa kwanza nje ya ngome, mlezi wako Gorion anauawa mbele ya macho yako, na unabaki na agizo lake kwamba uende katika nyumba ya wageni iitwayo Friendly Arm Inn ukawatafute Khalid na Jaheira. Mhusika wangu alikuwa mchawi wa kiwango cha kwanza, mwenye pointi 4 za uhai na tamko moja tu la kichawi, ambalo akishalitumia hana budi kulala ndipo alipate tena. Nilifika nyumba ya wageni salama, nikadhani taabu imekwisha. Pale kwenye ngazi za mlangoni kulikuwa na mtu aitwaye Tarnesh, ambaye alinisogelea, akaniuliza habari zangu, na papo hapo akaanza kutamka uchawi. Vivuli vinavyofanana naye vikamzunguka, kishale changu kikapiga kivuli, rafiki yangu wa utotoni Imoen akaingiwa na hofu ya kichawi akawa anakimbia ovyo uani, na muda mfupi baadaye nilikuwa nimelala chini ya ngazi, mchezo umekwisha. Nilirudia mara nne. Mara ya tano nilimvuta hadi walipo walinzi wa uwanja, wao wakamaliza kazi, nami nikaingia ndani nikiwa na furaha ambayo mauaji ya joka katika mchezo wa pili hayakunipa.

Woga huo unakaa nawe kwa saa nyingi, kwa kuwa Sword Coast, nchi ya mchezo wa kwanza, imechorwa kama nchi ya kutembea kwa miguu. Unavuka ramani ya msitu hadi ukingoni, ndipo ramani ya jirani inafunguka, na pengine humo hamna kitu zaidi ya dubu mmoja, mwindaji anayetaka mazungumzo, na vichaka. Wako wanaoulaumu utupu huu. Mimi naupenda, kwa sababu mtu asiye na nguvu anahitaji nafasi ya kupotea na ya kukimbilia, na kwa sababu kila kitu kidogo unachookota katika utupu huo kina uzito wake. Pete moja ya uchawi iliyofichwa mahali ni habari ya kusimulia.

Kisha kuna suala la chuma. Madini ya machimbo ya Nashkel yametiwa sumu, na kila kinachofuliwa kutokana nayo ni dhaifu, kwa hiyo silaha za kawaida huvunjika vitani bila taarifa. Hakuna anayehitaji kukueleza kwamba nchi iko katika dhiki. Unaiona pale mpiganaji wako wa mstari wa mbele anapobaki mikono mitupu, adui akiwa hatua moja mbele yake, na wewe unasimamisha mchezo ili kutafuta mkobani kama mna rungu au upanga wa akiba. Nimecheza michezo mingi yenye visa vikubwa kuliko hiki, lakini ni michache ambayo kisa chake kimeingia hadi kwenye mpini wa upanga. Hata mji ulioupa mchezo jina lake umefungwa kwa muda mrefu. Daraja lake haliruhusu mgeni kupita hadi sura ya tano, na unapolivuka hatimaye unahisi kwamba umelistahili.

Mwisho wa mchezo wa kwanza, kabla ya kuongezewa sehemu ya ziada mwaka 1999, pointi za uzoefu, ambazo ndizo humkuza mhusika, zilikuwa na kikomo cha 89,000. Mchezo wa pili unampa mhusika mpya pointi 89,000 tangu dakika ya kwanza, na kikomo chake ni 2,950,000. Katika tofauti hiyo ya tarakimu kuna karibu kila ninachotaka kusema juu ya michezo hii miwili. Pale wa kwanza unapokoma kukufundisha kuishi, wa pili unaanza kukufundisha kutawala.

Na unafundisha vizuri mno. Vita vya wachawi katika Athkatla, mji wa mchezo wa pili, na viunga vyake ni kama mchezo wa bao wenye kina: adui anajivika kinga juu ya kinga, nawe huna budi kujua ni tamko lipi linavua kinga ipi, na kwa mpangilio gani, kabla upanga wa mwenzako haujaweza kumgusa. Taaluma nyingi zimepewa michepuo yake, na kila mchezaji anaweza kupata makao yanayolingana na kazi yake. Mpiganaji anaweza kumiliki ngome ya de'Arnise, mwizi akaongoza genge lake, na mwimbaji akapewa ukumbi wa maigizo. Wasafiri wenzako, ambao katika mchezo wa kwanza walikuwa wengi, 25 kwa hesabu, lakini wenye maneno machache yanayorudiwa, sasa wamepungua na wamekuwa watu kamili. Wanagombana wenyewe kwa wenyewe barabarani, wanakuja kwako na matatizo yao, wengine wanakupenda, na wengine wanaondoka kwa hasira usipotimiza ahadi. Adui mkuu, Jon Irenicus, aliyepewa sauti na David Warner, anazungumza kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kupoteza kila kitu, na mbele yake Sarevok wa mchezo wa kwanza anabaki kuwa deraya kubwa yenye sauti nzito.

Lakini wingi huu una gharama yake. Mwanzoni mwa mchezo wa pili Imoen anakamatwa na wachawi wa serikali kwa kutumia uchawi bila kibali, na ili kumfuata unatakiwa kutafuta sarafu 20,000 za dhahabu. Ni sababu nzuri ya kuanza safari. Ila mji umejaa watu wenye shida kiasi kwamba, kwa mwendo wa kawaida wa mchezaji mdadisi, unafikisha kiasi hicho mapema na bado hutaki kuondoka. Nilikuwa bwana wa ngome, nimezungumza na joka, nimenunua kibali cha uchawi kwa sarafu 5,000 bila hata kusita, na rafiki yangu wa utotoni alikuwa bado gerezani akinisubiri. Hilo lilinisumbua kwa dhati. Katika mchezo wa kwanza umaskini wangu na kisa changu vilikwenda njia moja. Hapa kisa kinavuta huku na utajiri wa mji unavuta kule.

Mwonekano wa michezo hii sitauzungumzia sana. Mandhari ya wa pili yana rangi nzito zaidi na majengo yake ni ya kifahari, na muziki wa Michael Hoenig ni mzuri katika yote miwili.

Wanaoniuliza kama wanaweza kuuruka mchezo wa kwanza huwa nawaeleza kuhusu Khalid. Ni yule yule niliyetumwa kumtafuta, mume wa Jaheira, mpiganaji mwenye kigugumizi na moyo mwema, ambaye katika safari yangu alisimama mbele ya mchawi mwenye pointi 4 za uhai kwa muda wote ambao mchawi huyo hakuweza kujilinda. Mchezo wa pili unapoanza, wewe umefungwa katika handaki la Irenicus, na katika chumba kimojawapo Khalid amelala, ameuawa, mwili wake umecharangwa. Mchezaji aliyeanzia hapa anaona maiti ya mtu asiyemfahamu na mwanamke anayelia, kisha anatafuta mlango unaofuata. Mimi nilisimamisha mchezo, nikafungua mkoba wa Jaheira, nikakaa nikiutazama bila kutafuta kitu chochote ndani yake.