Kabla Hujamwaga Wino

Masomo: Mithali 6:1–5, Mithali 22:26–27, Filemoni 1:18–19

Bwana asifiwe, vijana wapendwa.

Tafakari ya wiki hii tunaielekeza kwenu mlio na miaka ishirini na kidogo, mliomaliza chuo au VETA, mliopata ajira ya kwanza au mnaoanza kubangaiza na kamtaji kadogo. Huu ndio umri ambao jina lako linaanza kuwa na uzito kwenye karatasi. Una kitambulisho cha NIDA, una laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole, labda na mshahara unaopitia benki. Ndugu na marafiki wameshalijua hilo, pengine kabla yako.

Tazameni jambo moja katika Mithali 6. Kijana anayeonywa pale hajakopa hata senti. Alichofanya ni kumpa mtu mkono na kusema kwamba atamsimamia mwenzake, na kwa hilo tu Maandiko yanasema ametegwa, amekamatwa kwa maneno ya kinywa chake. Tunapofundisha habari za madeni huwa tunaanzia Mithali 22:7, kwamba akopaye ni mtumwa wake akopeshaye, na ni kweli. Lakini kwa mtu wa miaka 22 au 23, deni la kwanza kubwa mara nyingi linakuwa la mwenzake, nalo limeingia kwa mlango wa upendo.

Huja hivi. Rafiki mliyesoma naye, au mwenzako wa kwaya, au binamu, anafika na fomu iliyokwisha kujazwa. Kimebaki kipande cha chini: jina la mdhamini, namba ya NIDA, sahihi, dole gumba. Anakwambia, "Ni utaratibu tu, ndugu yangu, mimi ndiye nitakayelipa." Wala hadanganyi, anaamini kabisa anachosema. Ila jiulize kwa nini fomu ina kipande hicho. Mkopeshaji ameshamkagua rafiki yako: ameangalia mapato yake, biashara yake, mikopo yake ya nyuma. Kazi yake ni hiyo, na baada ya kuifanya ameona mtu huyu peke yake hatoshi. Anakuhitaji wewe kwa ile siku ambayo rafiki yako hatalipa.

Kwa Tanzania, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inaweka wajibu wa mdhamini sawa na wa mdaiwa mwenyewe, isipokuwa mkataba uwe umesema vingine. Deni likiwa na riba na faini, zote zinakuhusu. Wala mkopeshaji halazimiki kumkamua kwanza rafiki yako ndipo aje kwako. Akiona mwenye mshahara unaoeleweka ni wewe, anaanzia palipo rahisi.

Kwenye SACCOS sura yake ni nyingine kidogo. Hapo kwa kawaida kinachoshikiliwa ni akiba yako. Mwenzako akikwama, inakatwa. Hata asipokwama, kiasi ulichomdhamini huwezi kukitoa, wala huwezi kujitoa uanachama, mpaka mkopo wake uishe. Wengi hulijua hilo siku wanapozihitaji fedha zao kwa ajili ya mahari au ada ya mdogo wao, wakaambiwa dirishani kwamba zina mtu. Kabla ya kusaini muulize karani swali hili: "Kiasi gani cha akiba yangu kitafungwa, na kitafunguliwa lini?" Jibu akupe kwa maandishi.

Vikundi vya marejesho, ambako wanakikundi hukopa pamoja na kulipiana, navyo ni udhamini mtupu, ingawa wengi hawauiti hivyo. Mko watano, mmoja haonekani siku ya marejesho, na kikao hakifungwi mpaka hesabu itimie. Hata mikopo ya halmashauri, ile inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani (4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu), haina riba na ni fursa njema tunayowahimiza muitafute, lakini kwa kawaida hupitia vikundi. Mwenzako akila hela, deni la kikundi lina jina lako ndani yake. Kwa hiyo kabla ya kuomba mkopo wowote wa kikundi, changishaneni kwanza fedha zenu wenyewe kwa miezi mitatu, hata 5,000 kwa wiki. Anayeruka wiki ya pili na ya sita kwa fedha yake mwenyewe ataruka pia kwa fedha ya watu. Hapo mtakuwa bado na nafasi ya kuachana kwa amani.

Kuna udhamini mwingine usio na fomu kabisa, nao ndio unaotutia uchungu zaidi, kwa sababu unachukua dakika moja: "Nikopee kwenye laini yako, kesho nakurudishia." Huduma kama Songesha kwa Tanzania au Fuliza kwa Kenya hukujazia salio lisilotosha ili muamala upite, kisha fedha yoyote inayoingia kwenye laini hukatwa kwanza kulipia deni. Sasa mpigie rafiki yako hesabu hiyo hadi mwisho. Kesho haikufika. Siku ya nne mama anakutumia 20,000 ya nauli. Deni pamoja na ada limefika 17,400. Unafungua simu unakuta 2,600. Mama hajui, anadhani mwanawe amepata nauli, na wewe unaona aibu kumwambia, kwa hiyo unamkopa mtu mwingine. Deni moja limezaa la pili na uongo mmoja, bila wewe kununua hata soda.

Zile programu za mikopo za mtandaoni tutazipitia haraka. Mnamo Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Nyingi za namna hiyo huomba ruhusa ya kusoma namba zote zilizo kwenye simu yako, na ukichelewa siku moja wanawaandikia mchungaji wako, bosi wako na mama mkwe mtarajiwa. Njia yao nyingine ni kukata ada mwanzoni: unaomba 50,000, unapokea 45,000, unarudisha 50,000 baada ya siku 14. Ukiendelea kuuzungusha mkopo huohuo mwaka mzima, mizunguko 26, umelipa ada 130,000 kwa kutumia 45,000. Kausha damu, wale wakopeshaji wa mitaani wa riba kali, wanaoshika kadi yako ya benki pamoja na namba ya siri, tunawaomba kwa jina la Bwana, msiende kwao, wala msimdhamini mtu aende kwao. Anayeshika kadi na namba ya siri anaufikia mshahara kabla yako.

Mithali 22:27 inauliza swali la mtu mzima: ikiwa huna kitu cha kulipa, kwa nini akuondolee kitanda chako chini yako? Ukisoma vizuri utaona kipimo kimeshatolewa hapo. Neno la Mungu linaangalia kama unacho cha kulipia.

Basi tupime. Tuseme rafiki anaomba 1,200,000 kwa miezi 12, riba asilimia 3 kwa mwezi. Uliza riba hiyo inapigwa juu ya nini. Ikipigwa juu ya mkopo wote kila mwezi hadi mwisho, ni 36,000 mara 12, yaani 432,000. Jumla 1,632,000, rejesho 136,000 kwa mwezi. Ikipigwa juu ya salio linalopungua, huku analipa 100,000 ya mtaji (mkopo wenyewe bila riba) kila mwezi, riba inaanza 36,000 na mwezi wa mwisho ni 3,000, jumla 234,000. Asilimia ni ileile, tofauti ni 198,000. Wakopaji wengi hawaulizi, na mdhamini ndiyo kabisa. Kwa hiyo kiasi unachosaini si ile milioni moja na laki mbili iliyoandikwa juu kwa herufi kubwa. Ni ile jumla ya chini, pamoja na faini za kuchelewa zilizo kwenye ukurasa wa nyuma.

Sasa liweke rejesho hilo juu ya mshahara wako. Unapata 700,000. Kama ulisomeshwa na Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara wa msingi inaondoka kila mwezi, hiyo ni 105,000. Fungu la kumi 70,000. Zimebaki 525,000, kabla ya kodi ya serikali, mfuko wa hifadhi ya jamii, pango, nauli na kile unachotuma nyumbani. Je, 136,000 inatoka wapi kwa miezi kumi na miwili? Kama hujaona inatoka wapi, huna cha kulipa, na Mithali imeshakujibu.

Hapa wapo watakaouliza kama Biblia inakataza kabisa kumsimamia mtu. Haikatazi, na ushahidi wetu ni Paulo. Katika waraka kwa Filemoni anasimama kwa ajili ya Onesimo, mtumwa aliyeondoka, akasema kama anawiwa kitu, kiandikwe juu yake. Halafu akaongeza kwamba ameandika kwa mkono wake mwenyewe: "mimi nitalipa." Hakuliita jambo hilo utaratibu tu. Alilichukua kama deni lake tangu siku aliyoshika kalamu. Waebrania 7:22 inamwita Bwana wetu Yesu mdhamini wa agano lililo bora zaidi, nasi tunajua alivyosimama kwenye nafasi hiyo: alilipa yote, wala hakutafuta wa kugawana naye. Ndiyo maana tunaamini mkristo anaweza kuwa mdhamini, ila akiweza kusema neno la Paulo hali akijua fedha ziko wapi. Kama huwezi kulitamka "mimi nitalipa" ukiwa peke yako na daftari lako la matumizi, usilisaini mbele ya watu.

Na rafiki yako umwambie nini? Usimkwepe, usizime simu, usimwambie utaangalia wakati umeshaamua kukataa. Mkalishe, mwambie: "Nimepiga hesabu, siwezi kulipa deni hili ukikwama, kwa hiyo siwezi kusaini. Nina 30,000, ichukue, sikudai." Zaburi 37:21 inasema mwenye haki hufadhili, hukirimu. Zawadi ya 30,000 ina mwisho, mtaagana salama hata asiporudisha kitu. Kisha mkae naye muulizane fedha inayotafutwa ni ya nini, maana mara nyingine inayohitajika ni robo ya ile inayoombwa. Kijana anayetaka mashine mpya ya kushonea na mchango wa harusi ndani ya mkopo mmoja hajaambiwa na mtu yeyote avitenganishe.

Tunajua baadhi yenu mnasoma haya sahihi ikiwa imeshakauka. Rudini kwenye Mithali 6, maana sehemu kubwa ya somo ni kwa ajili yenu: enenda, nyenyekea, ukamsihi sana rafiki yako, wala usiyape macho yako usingizi. Kuna sababu ya haraka hiyo. Mkopo ukiwa bado unalipwa vizuri, mkopeshaji anaweza kukubali kubadilishiwa mdhamini, au kukuwekea kikomo cha kiasi, au kukutoa kwenye udhamini mkopo ukishalipwa nusu. Halazimiki, lakini anasikiliza. Rejesho likishachelewa mara mbili, hakuachii tena, maana sasa wewe ndiye tegemeo lake. Vijana wengi hupoteza miezi hiyo mizuri kwa kuogopa kuonekana hawamwamini mwenzao, ndiyo maana Maandiko yametaja unyenyekevu kabla ya hoja yoyote.

Anza na rafiki yako, jioni hii. Usiulize, "Unalipa?" maana jibu ni ndiyo siku zote. Omba kuiona ratiba ya marejesho na risiti tatu za mwisho. Halafu nendeni wote wawili ofisini, mpewe karatasi inayoonyesha mtaji uliobaki, riba na faini, kila kimoja peke yake. Kama kuna malimbikizo, ombeni ratiba ipangwe upya kwa kiwango kinacholipika, iandikwe, isainiwe na pande zote. Msikope kwingine ili kuziba hapo. Na ikiwa itakubidi ulipe, lipa kwa risiti yenye jina lako na maneno "kama mdhamini wa" fulani. Sheria inampa mdhamini aliyelipa haki ya kumdai mkopaji kile alicholipa, lakini hiyo haki inahitaji karatasi. Fedha uliyompa mkononi akalipe mwenyewe haina ushahidi.

Msamaha ni jambo jingine, na una wakati wake. Unaweza kumsamehe ndugu yako deni lote mbele za Mungu, na pengine Bwana atakuongoza hivyo. Lakini samehe ukijua ni kiasi gani unasamehe, kwa tarakimu.

Kama unaogopa kwenda ofisini, mwombe mzee wa kanisa mmoja akusindikize. Hana haja ya kuzungumza sana. Asikie yaliyokubaliwa, aandike jina lake kama shahidi, na awaombee ninyi wawili kabla hamjaachana hapo nje. Nendeni kabla ya tarehe ya rejesho linalofuata.