Usilinganishe na petroli, linganisha na gesi

Kila anayeona gari langu la umeme huuliza swali lilelile: "Kwa hiyo sheli huendi kabisa?" Siendi, labda kujaza upepo. Anashangaa, anapiga hesabu ya mafuta yake ya mwezi kichwani, halafu anaanza kuuliza yadi ipi inauza magari kama hili. Hapo ndipo huwa namwambia tulia kwanza.

Kwa Dar hii, kulinganisha umeme na petroli ni kujipendelea. Nilikuwa nikifanya hivyo hadi shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alipofunga mfumo wa gesi asilia (CNG) kwenye Toyota IST yake. Tangu siku hiyo mabishano ya Jumapili nyumbani kwa mama mkwe yamekuwa magumu, maana petroli nilikuwa naishinda bila jasho.

Hesabu yenyewe hii hapa. Mimi nina Nissan Leaf ya betri ya kilowati-saa 30. Nakaa Goba, ofisi iko Posta, kwenda na kurudi ni kilomita hamsini na kidogo. Kwa foleni zetu na AC ikiwa imewashwa, gari linakula kama uniti 18 (uniti ni kilowati-saa moja) kwa kilomita 100, nikihesabu na kile kinachopotea wakati wa kuchaji. Uniti moja ya matumizi ya kawaida ni shilingi 356. Kwa hiyo kilomita 100 ni kama 6,400. LUKU, umeme wa kulipia kabla, ya elfu kumi inatoa uniti 28, ambazo kwangu ni safari ya kilomita 150 hivi (isipokuwa ile ya kwanza ya mwezi, inayokatwa 1,500 ya kodi ya jengo, lakini hiyo ningelipa hata kama natembea kwa miguu).

IST ya petroli kwenye foleni ya Morogoro Road inakwenda kilomita 12 kwa lita, ikibahatika. EWURA, wadhibiti wa nishati, hutangaza bei mpya kila mwezi, ila tuchukue 2,900. Kilomita 100 ni shilingi 24,000. Ukimwonyesha mtu 6,400 na 24,000, mjadala umekwisha.

Shemeji akaja na kikaratasi chake. Gesi 1,550 kwa kilo, kilo moja inampeleka kilomita 15 au 16. Kilomita 100 ni kama elfu kumi. "Shem," akaniambia, "umenizidi elfu tatu na mia tano. Hiyo ni chipsi mayai."

Na ana haki. Mtu anayetembea kilomita 1,000 kwa mwezi, tofauti yangu na yake ni elfu thelathini na tano hivi. Yeye hakununua gari jipya. Alichukua gari alilonalo, akalifunga mtungi, akaendelea na maisha. Mtungi umemla nusu ya buti, na siku za kujaza anaamka saa kumi alfajiri akapange foleni na bajaji, lakini akitaka anabonyeza kitufe anarudi kwenye petroli na kwenda popote. Kama tayari una gari zima na unachotaka ni kupunguza gharama tu, sioni kwa nini uuze ununue la umeme. Kafunge gesi.

Mimi nilikuwa sina gari. Hapo hesabu inabadilika, kwa sababu Leaf iliyotumika Japani hushuka bei haraka. Lakini ukikimbilia la zamani sana kwa sababu ni rahisi, ushuru wa uchakavu unakusubiri bandarini kwa gari lililozidi miaka minane, na joto limeshafanya yake kwenye betri. Leaf kama yangu haina mfumo wa maji wa kupoza betri, inapozwa na hewa inayopita tu. Mwaka 2012 wenye Leaf huko Phoenix, Arizona, kwenye joto la jangwani, walianza kulalamika kwamba betri zinachoka mapema mno. Dar si jangwa, lakini wala si Hokkaido, kule kwenye baridi ya Japani.

Hapa nataka kuchelewa kidogo, maana ndipo watu wanapopigwa. Yadi moja niliyokwenda, muuzaji aliwasha gari akanionyesha kwenye dashibodi: asilimia 100. "Betri mpya kabisa dada, ona mwenyewe." Hiyo ni chaji. Simu ya miaka sita nayo ukiilaza kwenye chaja inaandika 100, halafu saa nne asubuhi imezima. Unachotakiwa kuangalia kwenye Leaf za mwanzo kiko pembeni kabisa upande wa kulia, kando ya vijiti vikubwa vya chaji. Kuna safu ya vijiti vidogo sana, 12 gari likiwa jipya. Hiyo ndiyo afya ya betri. Kijiti cha kwanza kikipotea ujue betri imeshapoteza kama asilimia 15, na kila kinachofuata ni sita na ushee. Langu lilikuwa na 10. Gari la yule muuzaji lilikuwa na 12 zote, la mwaka 2012, na hilo ndilo lililonitisha zaidi, kwa sababu kuna mafundi wanaofuta kumbukumbu za kompyuta ya betri na vijiti vyote vinarudi kwa muda. Nenda na kile kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani na programu ya LeafSpy kwenye simu, usome mwenyewe. Muuzaji akikataa usichomeke, ameshakujibu.

Kwa vijiti 10 napata kilomita 120 hadi 130. Nachaji usiku mmoja, nakaa siku mbili. Kituo cha kuchajia wala sikifikirii, maana kituo ni ukuta wa nyumba yangu. Fundi umeme alivuta waya mnene peke yake kutoka kwenye meni swichi, ukaja na breka yake, akachimbia ethi upya. Hilo usilikwepe. Gari linavuta ampea kumi na zaidi kwa saa nane mfululizo. Soketi ya kawaida ya kupigia pasi inapata moto, na ekstensheni ya Kariakoo itakuchomea nyumba.

Sasa kuhusu huo ukuta. Miaka mingi nilikuwa mpangaji Sinza, vyumba sita, LUKU moja. Kila aliyepanga Dar anaijua hiyo vita: mwenye friji aongeze, mwenye pasi aongeze, nani kaacha taa ya nje. Friji dogo halili hata uniti mbili kwa siku. Gari langu kwa safari ya siku moja ya kazi linakula tisa. Nijaribu kufikiria naingia kwenye ile nyumba jioni na waya wangu wa chaji, mama mwenye nyumba amekaa barazani! Gari la umeme kwa sasa ni la mtu mwenye mita yake na geti lake. Ukiwa na nyumba ya kupanga yenye mita ya peke yako, ongea na mwenye nyumba kabla ya kununua gari, si baada ya.

Swali la umeme kukatika hunichosha kidogo. Mgawo wa 2023 hadi mwanzo wa 2024 ulikuwa mateso, kweli, ila sasa mashine za Bwawa la Nyerere zinafanya kazi, megawati 2,115 zikiwaka zote, na kukatika kwa mtaani ni transfoma au nguzo. Kwa kuwa sichaji kila siku, usiku mmoja wa giza haunisumbui. Na foleni ndiyo rafiki yangu. Gari likisimama Ubungo nusu saa, mota imelala, inayokula ni AC tu.

Sevisi? Hakuna kumwaga oili, hakuna plagi, hakuna gia boksi ya kukuletea stori. Bushi na bolijoint zinakwisha kama za kila mtu, kwa sababu barabara za Goba hazijui gari linatumia nini. Matairi yanaisha haraka kuliko nilivyotegemea, gari ni zito na linaondoka kwa nguvu.

Shemeji hunimaliza Desemba. Sisi ni watu wa Rombo, na mwisho wa mwaka ni lazima ufike. Morogoro na Dodoma nakwenda na treni ya SGR, nayo ni ya umeme, kwa hiyo hapo hana la kusema. Lakini nyumbani ni zaidi ya kilomita 550, na Leaf yangu ikifika Chalinze inaomba maji. Kwa hiyo tunachangia petroli, tunajipanga kwenye IST yake, mizigo juu ya keria kwa sababu buti limekaliwa na mtungi, na nasimangwa kuanzia Kibaha hadi Korogwe. Akisinzia nafuu.

Lililobaki ni kuuza. IST unaiuza Jumamosi kabla ya mchana. Hili langu sijui nitamuuzia nani, na betri nyingine ni mamilioni. Vijiti vikishuka hadi nane bado nitafika Posta na kurudi, nitachaji kila usiku badala ya siku mbili. Nilinunua nikijua nitakaa nalo mpaka liishe, na pesa niliyoweka sikuitegemea irudi. Shemeji amesema siku nikichoka atalichukua kwa bei ya friji la mtumba. Nimemwambia aanze kuweka akiba.