Siku za Giza, Siku za Mbalamwezi

Miaka michache kabla ya Shirika la Afya Duniani kutoa mwongozo wake wa 2022, uliopendekeza kingatiba (dawa ya kinga) ya kichocho itolewe kuanzia watoto wa miaka 2 hadi watu wazima, nilikuwa karani wa utafiti katika vijiji vya ufukweni mwa Ziwa Victoria, upande wa Magu, mkoani Mwanza. Wakati huo dawa ilikuwa ikitolewa zaidi shuleni. Wenzangu wa maabara walihesabu mayai ya minyoo kwa hadubini katika sampuli za kinyesi, nami nikajaza daftari.

Siku ya mrejesho tulikutana na wanakijiji chini ya mwembe, hatua chache kutoka mwaloni, mahali mitumbwi ya wavuvi inapofikia. Kiongozi wetu alibandika chati kwenye shina la mti, akaeleza kwamba watoto wengi wameambukizwa, kisha akaonyesha kwenye chati hiyo mstari mfupi wa wanaume waliojitokeza kupimwa na kusema kuwa wanaume wa pale hawana mwamko. Neno hilo nilikuwa nimeliandika mimi katika rasimu ya ripoti, na nililiona zuri.

Mama mmoja aliyekuwa ametoka kuanika dagaa, magamba yakiwa bado yamemganda mikononi, aliomba nafasi.

"Mwanangu, mlikuja kupima tarehe ngapi?"

Kiongozi alinigeukia, nikafungua daftari na kuzisoma tarehe zote, huku yule mama akihesabu kwa vidole.

"Basi hizo zote ni siku za giza. Baba zao walikuwa ziwani na karabai usiku kucha, na mchana walikuwa wamelala. Mngekuja kwenye mbalamwezi mngewakuta wamekaa hapa wanashona nyavu."

Watu walicheka, nami niliona aibu. Nimezaliwa Mwanza mjini na nimekula dagaa tangu utoto, lakini sikuwahi kufikiri kwamba wavuvi wake hupumzika mwezi unapong'aa, kwa sababu taa haziwavuti dagaa vizuri maji yakiwa meupe. Ratiba yetu ilikuwa imefuata upatikanaji wa gari. Kwa hiyo watu ambao kazi yao iko majini, mahali hasa ambapo vijidudu vinavyotoka kwa konokono hupenya ngozi, ndio tuliowakosa, kisha tukawalaumu.

Mama hakuishia hapo. Alisema watoto walipewa vidonge asubuhi bila kula, wakatapika njiani, na ndiyo maana mwaka uliofuata baadhi ya wazazi waliwaficha. Mwalimu mmoja alitikisa kichwa kukubali.

Namsifu kiongozi wetu kwa jambo moja: hakujitetea. Usiku ule, katika nyumba ya wageni, tulifuta neno mwamko na kuandika mapendekezo mawili kwa halmashauri, kwamba ugawaji katika vijiji vya wavuvi upangwe kwa kalenda ya mwezi, na kwamba uji upikwe kabla ya dawa. Ripoti ilikuwa na kurasa nyingi za majedwali, lakini hiyo mistari miwili ndiyo iliyosomwa kwa sauti kikaoni.

Tuliporudi, mwezi ulikuwa mpevu na mitumbwi imevutwa mchangani. Wanaume walipanga foleni kwenye fimbo ya kupimia urefu, inayoonyesha idadi ya vidonge kwa kila kimo. Mvuvi mmoja mrefu alipoambiwa vyake ni vitano, alimtazama yule mama aliyekuwa akikoroga uji, akasema, "Mama, basi niongezee kikombe."